Nilivyomfundisha Mwali Asiyepaza Sauti

Vijana wangu mnaosomea ualimu, kila mnapopita hapa kwangu Mkuza kunijulia hali mnaniuliza swali lile lile: bibi, njia ipi ya kufundisha kusoma ni bora kuliko zote? Mnauliza huku kalamu mmeshazishika, kana kwamba nitawatajia jina la dawa muende mkainunue. Basi leo nitajibu, lakini mnivumilie, nitajibu kwa kuzungukazunguka. Na mimi jibu lenyewe nililipata hivyo hivyo, tena kwa mtoto ambaye siku zote za masomo yetu hakunitamkia hata neno.

Nilianza kazi enzi za Mwingereza, miaka ya baada ya vita, katika shule ya kijiji kimoja njia ya Chole. Nasema Chole hii yetu ya Kisarawe, siyo ile ya Mafia. Mjukuu wangu mmoja aliwahi kuwatangazia wenzake kwamba bibi yake alikuwa mwalimu wa kisiwani, wakati mimi maji makubwa niliyowahi kuyavuka ni mto Ruvu. Shule ilikuwa ya udongo na makuti, na walimu tulikuwa wawili tu. Mmoja ni mimi, msichana mwenye cheti ambacho hata kukunjika kilikuwa hakijakunjika. Mwingine ni mkubwa wangu, Mwalimu Sefu, aliyeanza kufundisha kabla mimi sijaota meno.

Mwalimu Sefu alikuwa mtu wa kuitikisha. Anagonga ubao kwa fimbo, darasa zima linapasua anga: ba, be, bi, bo, bu! Sauti ilifika mashambani, na wazazi waliokuwa wanapalilia mihogo waliinua vichwa wakafurahi, maana walijua watoto hawachezi. Mimi nilitoka chuoni nimefundishwa mambo mengine kabisa. Tuliambiwa mtoto asianze na vipande visivyo na maana, aanze na sentensi nzima anayoielewa, iliyoandikwa kwenye kadi kubwa. Mama anapika ugali. Baba analima mihogo. Mtoto aizoee sura ya sentensi, halafu ashuke polepole mpaka kwenye maneno na herufi zake.

Na kabla ya hapo, sisi wote wawili tulikuwa tumepita njia ya tatu, chuo cha Kurani. Mnakijua. Kila mtoto na ubao wake, kila mtoto na mahali alipofikia, na wote wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, kelele mpaka kuku wanahama. Mwalimu wa chuo amekaa kwenye mkeka, macho kafumba, unadhani kalala. Ukikosea irabu moja tu katika kelele yote ile, unasikia, "Wewe! Rudi nyuma!" Masikio yale mpaka leo sijui yaliumbwaje. Nimejaribu maisha yangu yote kusikiliza vile na nimeshindwa.

Mwalimu Sefu na mimi tukaanza kushindana, kwa heshima lakini kwa ukali. Darasa la kwanza likawa langu na kadi zangu, la pili likabaki lake na fimbo yake. Baada ya muda watoto wangu walikuwa wanasoma kadi kwa mbio. Nikainua shingo. Nikamwita Mwalimu Sefu aje ashuhudie siku fulani, lakini kabla ya siku hiyo mchwa wakaingia kwenye sanduku wakazila kadi zote. Nikaandika nyingine, sentensi zile zile, tena kwa mwandiko mzuri zaidi. Mwalimu Sefu akaja, nikainua kadi ya kwanza. Kimya. Nikainua ya pili. Kimya. Mwishowe msichana mmoja wa mbele akanionea huruma.

"Mwalimu, hizo hatuzijui. Ile ya mama ilikuwa na doa la mafuta."

Walikuwa wanasoma doa! Ya baba ilikuwa na pembe iliyochanika, wakawa wanasoma ule mchano. Mwalimu Sefu alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Zamu yangu ya kucheka nayo ilifika. Vitabu vilikuwa vichache na watoto walishirikiana. Siku moja nikapita nyuma ya darasa lake wakati wanaitikia hadithi ya kisima, nikamwona kijana mmoja anasoma kwa sauti kuliko wote, kidole kinatembea juu ya mstari, na mbele yake kafunua kitabu cha hesabu. Nikamwonyesha Mwalimu Sefu. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, na hakumpiga. Alikuna kichwa akaniuliza, "Sasa huyu, kwa mwaka mzima, nilikuwa nasikia nini?"

Hilo swali ndilo lililotufanya marafiki. Tukaacha kubishana nani bora, tukaanza kujiuliza tutajuaje kwamba mtoto anasoma kweli. Tuliliongelea wakati wa kufagia, wakati wa kuchota maji, na hatukupata jibu.

Sasa niwaeleze habari za Mwajuma binti Kondo. Huyu alikuwa darasa la nne, msichana pekee aliyebaki baada ya mwenzake kuolewa. Alikuwa na maswali yasiyokwisha. Ukimwambia jua linazama, anataka kujua linazamia wapi. Haja yake kubwa duniani ilikuwa moja, kufaulu mtihani wa darasa la nne aende shule ya wasichana yenye bweni. Nafasi zilikuwa chache kuliko mnavyoweza kufikiri, na aliyekosa mwaka wake ndiyo basi, hakukuwa na kurudia. Zikiwa zimebaki wiki chache tu, Mwajuma hakuonekana shuleni. Nikawauliza wasichana wa madarasa ya chini. Wakatazamana, wakacheka kwa kuziba midomo.

"Kavunja ungo, mwalimu. Kawekwa ndani."

Moyo ukanishuka. Mnajua au hamjui siku hizi, lakini kwa Wazaramo msichana akivunja ungo huwa mwali. Anakaa chumbani, haonwi na wanaume, anafundwa na kungwi mambo ya utu uzima, na anatolewa kwa ngoma. Wengine walikaa miezi, wengine walikaa mpaka mchumba apatikane, hata kama mchumba huyo anachukua mwaka. Nilikwenda kwa baba yake, Mzee Kondo, mkulima mwembamba, mpole wa maneno, mgumu wa kubadili shauri.

"Mwalimu, mimi binti yangu sijamfunga," aliniambia. "Amekua. Akishapata mume, na mumewe akitaka asome, atasoma."

"Na mtihani je, Mzee Kondo?"

"Mtihani wenu ni wa siku moja. Mafunzo ya humo ndani ni ya maisha yote. Kazungumze na Bi Mwantumu. Mle chumbani mimi sina kauli."

Bi Mwantumu ndiye alikuwa kungwi. Mama mnene, mwenye sauti nzito, mikono yake haikuacha kusuka ukili hata anapokukaripia. Nikamkuta kwenye mkeka ndani ya chumba chenye giza, na Mwajuma kakaa pembeni, kichwa kainamisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumtazama mwali, au umekuja kuniibia?"

"Nimekuja kuomba tumfundishe wote wawili. Wewe asubuhi, mimi jioni nikitoka shule."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Hayo ya kwako yana matusi?"

"Hayana, bibi."

"Basi ni mepesi, yataingia. Ila humu ndani mwali hapazi sauti. Nikisikia tu ba-be-bi-bo-bu, unatoka."

Nilikubali kwa furaha, na nilipofika nyumbani ndipo nikaona ugumu wake. Chuoni kwangu, kwa Mwalimu Sefu, kwenye Kurani, kote nilikopita, mwalimu anapima kwa sikio. Mtoto anasoma, wewe unasikiliza. Huyu atanisomea vipi? Hata salamu alikuwa anaitikia kwa kuinama.

Jioni ya kwanza nilikaa naye mlangoni penye mwanga, nikamwonyesha ukurasa wa kitabu. Macho yake yakatembea. Yakafika chini. Akanitazama. Na mimi nikamtazama, nisijue kama amesoma au amehesabu mistari tu. Nikachukua sileti, yaani kile kibao cha jiwe tulichoandikia, nikaandika bila kufikiri sana: Nionyeshe kitu kizito kuliko vyote humu ndani. Nilidhani atanionyesha kinu. Mwajuma akasoma, akasita, kisha taratibu akainua kidole akamwonyesha Bi Mwantumu.

"Kaulizwa nini huyo?" Bi Mwantumu akauliza, mikono imesimama kwenye ukili.

Nilicheka mpaka machozi, na Mwajuma mabega yanatikisika bila sauti. Ikabidi niseme ukweli. Bi Mwantumu akamtazama mwali wake, akajitazama mwenyewe, akasema, "Hakukosea," akaendelea kusuka.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la Mwalimu Sefu. Mtoto huyu hakuwa na pa kujificha. Hakuna mwenzake wa kuitikia naye, hakuna doa la mafuta, hakuna wimbo. Ama ameelewa kilichoandikwa, ama anakaa na kunikodolea macho. Kuanzia siku hiyo sikumwambia tena soma. Niliandika, yeye akatenda. Panga hivi vijiti kwa urefu, halafu ondoa ule wa katikati. Mimina maji kwenye kata mpaka nusu. Chora mnyama anayetajwa katika mstari wa tatu. Hesabu nazo zikaenda hivyo hivyo, kwa kokoto. Akikosea naliona kosa lilipo. Siku moja alipanga vijiti vizuri akaondoa wa mwisho badala ya wa katikati, nikajua kinachomsumbua ni lile neno 'katikati', basi nikalifundisha hilo tu.

Nikawa na hamu ya kujua darasani itakuwaje. Asubuhi moja nikaandika ubaoni kwa darasa la pili: Ukimaliza kusoma maneno haya, simama uende ukaguse mlango. Mwalimu Sefu akagonga fimbo. Darasa zima likasoma kwa sauti nzuri, moja, iliyonyooka, kila herufi mahali pake. Kisha wote wakakaa wametulia, wakisubiri fimbo igonge tena. Akatoka mtoto mmoja tu wa nyuma, aliyekuwa anasemwa kila siku kwa uzito wa kichwa, akajikokota akagusa mlango, akarudi akiogopa kwamba amekosea. Mwalimu Sefu alikaa chini. Tangu siku ile akawa anaandika amri ubaoni mpaka watu wakaona shule imeingia wazimu, watoto wanaruka, wanashika masikio, wanatoka kuzunguka mwembe na kurudi.

Msije mkaandika hapo kwamba basi, bibi amesema kusoma kimya ndiyo njia. Ngojeni. Kwa watoto wadogo tuliona haraka kwamba mmoja akisimama, wote wanasimama, wanasoma mgongo wa mwenzao. Ikabidi kila sileti iandikwe amri yake, na hiyo ni kazi ya kumchosha mwalimu hadi vidole vinakufa ganzi. Tena wale wenye aibu walihitaji ule uitikiaji wa Mwalimu Sefu, kwa kuwa ndani ya sauti ya wengi mtoto mwoga hujaribu neno lake bila kuchekwa. Na zile silabi, semeni mtakavyo, zinaingia kichwani kwa wimbo kuliko kwa kadi. Nilizikejeli nilipokuwa msichana, baadaye nikazifundisha miaka yote.

Baadaye nilipohamishiwa upande huu wa Kibaha, kwenye shule iliyokuwa karibu na Mlandizi, niliamua kupima sawasawa. Nikagawa darasa pande mbili. Upande wa kulia kadi, upande wa kushoto silabi. Upande wa kulia ukashinda vibaya sana, nikafurahi, nikataka hata kumwandikia mkaguzi. Kisha nikapata wasiwasi, sijui kwa nini, nikawabadilishia mahali pa kukaa bila kubadili mafunzo. Upande wa kulia ukashinda tena! Safari hii walikuwa ni wale wa silabi. Ndipo nikaenda kukaa mwenyewe upande wa kushoto saa za mchana, nikaona jua linaingia dirishani linawapiga usoni, na mimi mwenyewe nikasinzia. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema njia fulani imeshinda, muulizeni kwanza watoto walikaa wapi, na walikula nini asubuhi.

Tumrudie Mwajuma. Siku ya mtihani ilifika, na msimamizi akaja kutoka mbali kwa baiskeli, kijana nadhifu, kaptura nyeupe na soksi ndefu zimejaa vumbi. Wavulana wakafanya mtihani wao. Alipokuwa anakusanya karatasi, Mwalimu Sefu akamweleza kwamba yupo mwanafunzi mmoja amebaki.

"Yuko wapi?"

"Yuko ndani. Ni mwali."

"Ambaye hakufika hafanyi."

"Yeye hawezi kuja, lakini karatasi ina miguu yetu," Mwalimu Sefu alisema. "Nakuomba, mwanangu. Huyu hana mwaka mwingine."

Sikuwahi kumwona mzee yule akimwomba mtu. Msimamizi akatazama jua, akatazama baiskeli yake, akakubali. Tukamkuta Mzee Kondo kibarazani kwake. Alitukaribisha vizuri, akasema binti akitaka kuandika aandike, karatasi haina macho ya kumwona. Lakini kutoka hatoki mpaka mchumba apatikane, tusijidanganye. Msimamizi akasema mimi nisiingie, nisije nikamsaidia. Karatasi akapewa Bi Mwantumu, ndiye akae na Mwajuma ndani. Msimamizi alitaka kuwa na shaka naye pia, mpaka alipomwona ameishika karatasi juu chini, chini juu.

Maandishi yakamalizika salama. Ikabaki sehemu ya kusoma, ambayo kila mtoto alipaswa kumsomea msimamizi kwa sauti.

"Lazima nimsikie," akasema.

"Hutamsikia," sauti ya Bi Mwantumu ikajibu kutoka ndani.

Bila sehemu ile kazi yote ilikuwa bure. Nikampa msimamizi sileti yangu. Nikamweleza tunavyofanya. Akaguna, akasema hajawahi kuona jambo kama hilo. Lakini alikuwa mwalimu, na nilimwona usoni kwamba anataka kujua. Akajificha akaandika, sileti ikaingia. Baada ya kitambo Bi Mwantumu akanyoosha mkono mlangoni, ameshika kipande cha muhogo mkavu.

"Nilimwambia anipe kitu cheupe kinachotoka ardhini," msimamizi akasema polepole.

"Kabahatisha," akasema Mzee Kondo, lakini alisogeza kigoda chake karibu.

Ikaingia ya pili, ikatoka kata ya maji yaliyojaa nusu, na ndani yake inaelea punje moja ya mpunga. Msimamizi akasoma alichoandika, kikawa ndicho. Ya tatu ilikuwa ndefu, imejaa upande wote wa sileti, yenye maneno ya 'kama' na 'isipokuwa' na 'badala ya'. Ikatoka sawasawa. Sasa yule kijana alikuwa amesahau jua na baiskeli, anacheka peke yake, anafuta na kuandika kama mchezaji wa bao aliyekolea. Mzee Kondo hakucheka. Alikuwa anautazama ule mlango, na kila kitu kilipotoka alikipokea mwenyewe, akakigeuzageuza, akakiweka chini kwa uangalifu.

"Bi Mwantumu," akaita, "umemaliza ya kwako kwa huyu mtoto?"

"Yangu nimemaliza zamani. Anangoja mume tu, na mume mwenyewe hana jina."

Mzee Kondo akamwinamia msimamizi, akamnong'oneza sikioni, na sisi tuliokaa karibu tukasikia: "Mwandikie hivi. Kama baba yako angekupa ruhusa ya kwenda kwenye hiyo shule ya bweni, ungehitaji muda gani kujitayarisha?"

Msimamizi akaandika, mkono wake haukuwa na haraka tena. Sileti ikaingia. Tukasikia mkeka unakunjuliwa, kitu kinaburutwa kutoka uvunguni mwa kitanda. Kisha likasukumwa mlangoni furushi kubwa la kanga, limefungwa mafundo mawili ya kukaza, na vumbi juu yake linaonyesha kwamba halikufungwa leo.

Bi Mwantumu mwenyewe alitoa kichwa akalitazama kwa mshangao, kwa kuwa alikuwa analala juu ya kitanda kile kila siku. Mzee Kondo akainuka. Akalishika furushi kwenye fundo, akalinyanyua, akalipima uzito kwa mkono mmoja, akalirudisha chini, macho yake yamelowa. Akamgeukia msimamizi.

"Mwandikie apunguze vitu," akasema. "Mpaka zinakopita lori ni mwendo, na mbebaji ni mimi."